Miezi ya Mshahara wa Mkurugenzi

Ukitaka harusi yako isiingie aibu pale Babati mjini, ulikuwa unanitafuta mimi. Nilikuwa na duka la vitenge karibu na soko, lakini wengi walinijua kwa kazi ya kamati. Nimeongoza kamati za harusi na za vipaimara, na nimewatoza ahadi watu waliokuwa wameapa nyumbani kwao kwamba safari hii hawatoi hata senti. Hicho ndicho kipaji changu, na sioni sababu ya kujifanya sina.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya siku hizo. Ofisi zilikuwa zinahamia kwenye nyumba za kupanga na vibao vipya vinasimamishwa barabarani kila mara. Ndipo wakanijia watu wa shirika la kusaidia wajawazito, wakaniomba niwe mwenyekiti wao. Shirika lenyewe lilikuwa na nyumba moja tu, jirani na hospitali. Wanawake wa mbali, hasa wa huko Simanjiro na Kiteto ambako kutoka boma la wafugaji hadi zahanati ni safari ya kutwa, walikuja kukaa pale wiki za mwisho kabla ya kujifungua. Wafadhili wa nje walijenga nyumba, wakapiga picha, wakasema waziwazi kwamba wao mishahara hawalipi. Chakula, kuni, mafuta ya gari na watu wa kufanya kazi vikawa juu yetu wenyewe wa Babati.

Mkurugenzi tuliyemwajiri alikuwa mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, mkunga wa kusomea, aliyeacha kazi ya serikali kuja kwetu. Ndiye aliyekwenda vijijini kubishana na waume waliosema wake zao watazaa nyumbani kama mama zao. Ndiye aliyejua mama yupi asipewe ruhusa ya kurudi nyumbani hata kama analia. Mimi niliyeketi naye nilijua kwamba bila yeye ile nyumba ingekuwa bweni la kulala tu.

Matatizo yalianza alipoanza kujenga kibanda chake kule Singe, pembeni mwa mji. Babati ile, msingi wa mtu ukichimbwa asubuhi, jioni mji mzima unajua una vyumba vingapi. Maneno yakaanza kwamba michango yetu inageuka bati. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa alhaji mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mchangiaji wetu mkubwa. Nilikasirika sana, maana ile saruji na yale mabati mkurugenzi alinunua kwake, na pesa alipokea bila kuuliza zimetoka wapi.

Wiki hiyohiyo mkurugenzi alikuja dukani kwangu. Akanisalimia, akasubiri wateja watoke, ndipo akaniambia kwamba kuna shirika kubwa Arusha linamtaka, kwa mshahara wa zaidi ya mara mbili ya wetu, na wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

"Mama, kwa mshahara mdogo naweza kuishi," alisema. "Kuitwa mwizi siwezi."

Sikumbembeleza. Nilimwomba anisubiri mpaka nikutane na wachangiaji, akakubali.

Kwetu harusi ikiisha kuna kitu kinaitwa kuvunja kamati. Wanakamati wanakutana tena, mweka hazina anasoma matumizi yote mbele za watu, mpaka gunia la mkaa na nauli ya mpiga picha, kisha kilichobaki kinaliwa. Sijawahi kuona mtu akikasirika kwa kusomewa. Shirika letu, kwa kuwa lilikuwa na katiba na mhuri, liliona mambo hayo ni ya kishamba. Taarifa zake zilikuwa zinasomwa kwa bodi peke yake, mlango umefungwa. Nikawaita wachangiaji wote kwenye ukumbi tuliozoea kufanyia sherehe, nikawaambia leo tunavunja kamati ingawa harusi haijaisha.

Mweka hazina alisoma vizuri: unga, maharage, kuni, dizeli, mpishi, mlinzi. Alipofika kwa mkurugenzi akakohoa, akasema "gharama za utawala". Nikamkatiza. Nikamwambia kwamba mshereheshaji wa harusi hatumwiti gharama za utawala, tunamtaja alivyo na tunasema kalipwa kiasi gani. Mweka hazina akanitazama kama nimemvua nguo. Hapo mkurugenzi akasimama mwenyewe, akautaja mshahara wake, wote, bila kupunguza. Siuandiki hapa kwa sababu ukiusoma leo utacheka. Siku ile hakuna aliyecheka, maana mle ukumbini walikuwamo walimu wasiopata kiasi hicho.

Alhaji akasimama.

"Mimi nilitoa kwa ajili ya wale akina mama," alisema. "Sikutoa kwa ajili ya mshahara wa mtu. Kazi ya Mungu, mtu unajitolea."

Nikamuuliza pale dukani kwake ni nani anayejitolea. Watu wakacheka, na yeye akatabasamu, akasema muuzaji wake anamwingizia faida. Nikamjibu kwamba huyu wetu naye anaingiza faida, ila inakuja imefungwa kwenye kanga na inalia.

Basi ukumbi ukalegea, na watu wakaanza kuahidi. Mmoja akatoa godoro. Mwingine akatoa mablanketi, na wa tatu godoro jingine. Nikaona tunarudi kulekule. Stoo yetu tayari ilikuwa na magodoro mpaka darini, kila moja limeandikwa jina la aliyelitoa kwa kalamu nene. Hata kwenye harusi ni hivyo: keki inagombewa, mkaa haupati wa kuuchukua. Dawa yangu ya miaka yote ni kuupa mkaa mwenyewe, kuutangaza kuwa ni mkaa wa familia fulani mpaka waone fahari. Kwa hiyo nikayakataa magodoro.

"Godoro haliwezi kwenda Simanjiro kumfuata mgonjwa," nikasema. "Leo natoa miezi. Mshahara wake una miezi kumi na miwili. Atakayechukua mwezi ni wake, na ataambiwa kila kilichofanyika ndani yake."

Wauza samaki ndio walioanza, wakachukua mwezi wa tatu, nadhani ili kuwakoga wauza mahindi, na wauza mahindi wakajibu palepale kwa mwezi wa nne. Wakulima wa Bonga wakachukua wa saba kwa kuwa watakuwa wameshavuna. Waumini wa kanisa moja, mafundi cherehani, walimu walewale waliokuwa wamenuna, wote wakapata yao. Ukabaki mwezi wa nane, na shingo zote zikageukia upande mmoja.

"Haya, niandikie huo," alhaji akasema. "Lakini nitakuja kudai hesabu yake."

Arusha wakajibiwa kwamba haendi. Niliringa mji mzima, na sijutii.

Mwezi wa nane ulipoisha, alhaji alikuja kweli. Mimi nilikuwapo, nimejiandaa na majibu yangu yote. Mkurugenzi alimpa shikamoo, akamketisha kwenye benchi la nje, akamsimulia mwezi wake kama alivyowasimulia wengine: waliokuja, waliojifungua salama, mume mmoja aliyekuja na fimbo na kuondoka amembeba mtoto.

Kisha akasema, "Na mmoja tulimpoteza, baba."

Alikuwa mama wa upande wa Kiteto. Alitakiwa kuja mapema, lakini ng'ombe walikuwa wanahamishwa na hakukuwa na wa kubaki na watoto. Habari zilipofika, mkurugenzi aliondoka na dereva saa hiyohiyo. Walimkuta amekwisha kutokwa na damu nyingi. Mtoto alizaliwa ndani ya gari, akalia. Mama alifia njiani, kichwa kikiwa mapajani mwa mkurugenzi.

Alhaji alivua kofia yake, akaiweka gotini. Akauliza jina la yule mama, akaambiwa. Akauliza mtoto yuko kwa nani, akaambiwa kwa bibi yake. Majibu yangu niliyoyaandaa yalikuwa ya mtu anayedai pesa zake, na huyu hakuwa anazidai. Nilimwonea huruma, kwa hiyo nikamwambia mwakani anaweza kubadilisha, tutampa mwezi mwingine.

Akatikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Huu ni wangu. Niandikie huuhuu."