Kaya Tajiri Kuliko Zote za Delta

Anayehusika ni mratibu wa orodha ya kaya maskini. Nalitamka hili mwanzoni ili msomaji asipoteze muda kuulaumu mto na mafuriko yake. Sehemu yangu pia ipo, nami nitaieleza.

Nilikwisha kustaafu uafisa wa takwimu nilipoombwa kuwafunza waorodheshaji waliotumwa visiwani kwetu deltani. Niliwapa maelezo niliyoyatumia katika utumishi wangu wote: kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, na kipato cha kaya ni jumla ya vipato vyao. Ni maelezo mazuri sana, hasa kwa watu wasiofikiwa na wageni.

Jirani yangu ni mjane. Hulima kishamba cha mpunga, husuka mikeka, na hulea mjukuu anayesoma sekondari. Kila msimu wa kuvua kamba, mnunuzi mmoja kutoka Kibiti hulala katika chumba chake cha nje na kula chakula chake. Hatoi kodi. Huleta sukari, naye mjane huona haya hata kuipokea.

Mworodheshaji alifika wakati wa chakula, nami nikiwepo. Aliuliza kama yule bwana ni mtu wa kaya ile. Mgeni alikuwa hapo hapo barazani, tonge mkononi. Kwa desturi zetu, kumwita mtu mgeni mbele ya sahani yake ni kumfukuza.

"Huyu ni mwanangu," alisema mjane. "Chungu ni chetu sote."

Mgeni akataja kipato chake, kwa majivuno ya mtu aliyeshiba cha bure. Nilinyamaza, kwa adabu hiyo hiyo.

Hivyo mjane akaingia daraja la juu kabisa la kipato katika fomu. Nilipita Mahege na Chumbi na fomu za namna ile miaka mingi, na safu ya daraja hilo ilirudi karibu tupu. Wenye kipato kikubwa ni wachache huku, na wanajulikana: mwenye majokofu ya kamba, mwenye malori ya mkaa, na mtumishi mmoja mmoja ambaye nyumba yake hupanda ghorofa huku mshahara wake ukibaki chini. Kuwaona ni rahisi. Siku ya kuandikwa, kwa bahati isiyochoka, huwa wamesafiri.

Mke wa mnunuzi naye aliulizwa kwake Kibiti, kando ya lami. Alijibu kweli tupu: mume hali chakula hapa, huu ni mwezi wa tatu, na yeye hana kazi. Nyumba yenye geti la chuma na magari mawili ikaandikwa kaya isiyo na kipato, ikaanza kupokea msaada. Msaada aliokuwa akipata mjane ukakatwa, nao ndio uliolipia chakula cha mjukuu hosteli.

Nilimpeleka mjane kwa mratibu. Alitazama kompyuta yake, akatabasamu.

"Hongera, bi mkubwa. Wewe sasa ni wa kutusaidia sisi."

Akaongeza kwamba ikiwa kuna kosa, mama aandike tu barua kuwa yule bwana si mtu wake. Nilikuwa na kalamu tayari. Mjane aliisukuma.

"Nimkane mtu aliyekula kwangu? Nitapita wapi kisiwani? Andika wewe, bwana afisa, wewe uliyewafundisha."

Niliandika. Barua ilirudishwa kwa kuwa mimi si wa kaya hiyo. Wiki iliyofuata mjukuu alirudi nyumbani na sanduku lake la shule.

Kwa hiyo nadai rasmi, na nakala ninayo: mratibu aeleze kwa maandishi ni kwa misingi gani aliidhinisha kaya hizo mbili bila kufika penye mlango hata mmoja, amtaje aliyezihakiki, nami niitwe kujibu kwa mafunzo niliyoyatoa na kwa ukimya wangu barazani. Majibu yasomwe katika mkutano wa hadhara wa kijiji, mjukuu akiwa amekwisha kurudishwa shuleni.