Mawe Ndani ya Wali

Wiki hii, pale tunapopimiwa macho Kasongo, mbele yangu walikaa mzee na mkewe kutoka Wamaza. Muuguzi akawaeleza: "Jeni, ule urithi wa wazazi ndani ya jicho, hazifanyi kazi namna moja ujanani na uzeeni, wala kwa mwanamuke na mwanaume. Pengine ndiyo maana macho ya mama yamechoka kabla ya yako, mzee."

Mzee akavua kofia, akamgeukia mkewe. "Kumbe ni macho. Nilizani umenichoka, sababu kila siku natafuna mawe mu wali."

"Na haukusema?"

"Nilikuwa nameza tu."

Mama akampapasa mkono. "Yako yangali yanaona?"

"Yanaona."

"Basi kesho kamata ungo, uchague muchele wewe."

Wanaume wote wa foleni, na mimi pia, tukaanza kufikicha macho kama watu wasioona.