Cassien Hakuhesabiwa Kufa

Mume wangu Cassien alikufa kwa kifua, na kliniki iliyompa dawa ikamhesabu kama mtu aliyeacha kuja akiwa hai. Huo ndio ubaya tuliotendewa.

Alikuwa fundi wa lipu. Kuta nyingi za nyumba za Kanombe zilipita mikononi mwake. Hata ugonjwa haukumwondolea mzaha. Kikohozi kikimbana alisema, "Mama Umuhoza, sogea, nisije nikakupiga lipu."

Mwaka 1992 kliniki ilitafuta wagonjwa wa kujaribia dawa mpya, akakubali. Kila mwezi alipanda mlima kutoka mtaani kwetu Niboye kwenda kliniki kupimwa, mpaka miguu ilipokataa. Hakuna aliyekuja kumuulizia. Tulimzika kwenye matope ya masika.

Kisha binti yetu Umuhoza akaanza kukohoa, na watu wa kliniki wakataka kumpa dawa ileile. Nikaenda kwa daktari wao, Dogiteri Bizimana, kumkataza.

Akanionyesha karatasi yenye mstari unaoshuka polepole.

"Huu unaonyesha walio hai. Mgonjwa akifa, mstari unashuka. Akiacha kuja, tunaweka kialama kidogo juu yake, mstari unaendelea. Cassien ni hiki hapa."

"Lakini amekufa."

"Tulipofunga hesabu hatukujua, mama. Tunachukulia kwamba walioacha wanaendelea kama waliobaki."

"Waliobaki ni wanaoweza kupanda mlima! Na hivi vialama vingine, mlikwenda kuwaangalia?"

"Kuna vita, mama, barabarani kuna vizuizi. Petroli hakuna."

"Basi mlijuaje kwamba hesabu yenu ni nzuri?"

"Tuliilinganisha na wagonjwa tulio nao. Ikalingana."

"Ingeachaje kulingana? Wafu hamkuwauliza."

Akakunja karatasi. "Unadhani sijui? Nilisema mkutanoni. Wenye dawa wakajibu kwamba mstari umetoka vizuri, tusiuharibu."

"Mwandike sasa kuwa amekufa, nikiwa hapa."

"Hesabu imefungwa, mama."

Umuhoza alianza dawa hiyo wiki ileile, kwa kuwa hawakuwa na nyingine ya kumpa. Sasa hamalizi kufagia ua bila kuketi. Mwezi huu hakwenda kupimwa. Najua watamwekea nini.

Dogiteri Bizimana na hao wenye dawa bado wanadaiwa. Wapige hodi katika nyumba ya kila kialama, waulize nani amekufa, halafu waushushe mstari wao mahali unapostahili. Waanzie kwangu, wakati Umuhoza angali anapumua.