Santuri Iliyokwenda Polepole

Babu alifukuzwa mgodini wakati wa krizi, miaka ile shaba ilipokosa bei na wafanyakazi wakarudishwa vijijini kwa treni. Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago alimwachia gramafoni na santuri moja ya jazi ya Marekani. Baadaye babu aliitwa tena kazini, akarudi na mzigo wake, na mimi nilizaliwa nikaukuta ndani.

Gramafoni ile ilikuwa imechoka. Hata uizungushe mkono wake mpaka utoke jasho, santuri ilijikokota tu, na mwimbaji akaimba kwa sauti nzito ya mtu aliyefiwa. Kiingereza hatukukijua. Babu alitufasiria bila haya: huyu bwana analilia kazi yake. Basi wimbo ukapata heshima. Ulipigwa kwenye matanga, wanaume wakavua kofia. Mama akautungia maneno ya Kiswahili, ya mke anayengoja treni, na aliyaimba kila jioni akisonga bukari.

Santuri ilivunjika tulipohamia Naviundu. Mama alituacha miaka mingi iliyopita. Sura yake ninayo kwenye picha, lakini sauti yake hakuna aliyeinasa, na maneno yake yamenitoka. Hilo linaniuma kuliko kaburi lenyewe.

Mwezi uliopita nilikuwa mjini, nikipita mbele ya duka la simu, nikausikia wimbo ule. Ulikuwa unakimbia! Tarumbeta zinacheka, ngoma inarukaruka. Muuzaji, aliyejifunza Kiingereza katika biashara zake za mpakani, Sakania, aliniambia ni dansi tupu: kijana anamwita msichana wake wacheze mpaka kuche. Yaani tumezika watu wazima na heshima zao kwa wimbo wa dansi. Nilicheka peke yangu pale mlangoni, kisha nikamkasirikia babu, kisha nikamwomba muuzaji anitilie kwenye simu.

Niliupeleka moja kwa moja kwa dada yangu mkubwa. Tumebaki sisi wawili tu tuliokula bukari ile. Alisikiliza midomo ameibana.

"Hii haiko wimbo yetu. Hii iko ya bantu ba kunywa bia."

"Njo yenyewe, yaya, ile ile ya mama," nilimwambia, kwa jina ambalo mdogo humwita mkubwa wake.

"Hapana. Mama hakukuwa na haraka hivi."

Nikaishika simu, nikapunguza mwendo wa wimbo, nikapunguza tena. Tarumbeta zikaacha kucheka. Sauti ya yule Mmarekani ikashuka, ikawa nzito, ikaanza kujikokota. Dada akafumba macho na kuimba maneno ya mama, yote, bila kukosea hata moja. Na koo lilikuwa la mama. Tangu tulipomzika sikuwahi kumsikia dada akiimba, hivyo sikujua kwamba miaka yote hiyo sauti niliyokuwa nikiililia ilikuwa inakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, inanisalimia asubuhi na kunigombeza kwa kuzidisha chumvi.

Wimbo ukaisha. Simu ilikuwa mkononi mwangu, wala sikukumbuka kumrekodi.

"Yaya, imba tena."

"Kesho. Leo pumzi imeisha."

Alijiegemeza kwenye kiti, mkono kifuani, akivuta hewa kidogo kidogo. Amevuka themanini, dada yangu.

"Kesho iko mbali, yaya," nilimwambia. "Pumzika tu kidogo. Niko hapa, minangojea."