Mbegu Nilizompa Mungu

Kwaru, kwaru, kimya kifupi, kisha kwaru tena. Jana alfajiri, kabla sijafumbua macho katika chumba nilichopanga huku Mtumba, niliisikia sauti hiyo nikajua mama anasaga. Nilipofumbua macho nikakumbuka kwamba mama yuko kijijini kwetu Haneti, na huyo alikuwa jirani tu, akiburuta ndoo ya maji sakafuni. Lakini nilikuwa nimekwisha kurudi kwenye miaka yangu tisa, na nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Kwetu siku ilianza kwa masikio. Ndani ya tembe, nyumba yetu ya udongo, giza lilikuwa zito, lakini jiwe la mama lilisikika likienda na kurudi juu ya jiwe mwenzake, na harufu ya uwele uliovunjika ikatufikia kitandani. Katikati ya kusaga, mama aliongea na Mungu. Hakupiga magoti. Aliongea kama na mtu aliyekaa pembeni yake akichambua mlenda: kwamba mbuzi mwekundu anachechemea, kwamba mgongo umemkaza, kwamba jana alimsema jirani vibaya na anaona aibu. Akimfokea kuku aliomba radhi, ingawa sikujua ni kwa Mungu au kwa kuku. Mimi niliamini Mungu anakaa nyuma ya mtungi wa maji, na kila nilipokwenda kuchota nilibisha hodi.

Kabla ya kusaga alichota konzi moja la uwele, akalitia katika kibuyu kilichokaa karibu na mlango. Hilo lilikuwa konzi la Mungu. Jumapili kibuyu kilikwenda kanisani, nafaka ikagawiwa wajane na wazee wasiojiweza. "Anayemtanguliza Mungu halali njaa," alisema mama, nami nikayameza maneno hayo kama uji.

Kisha ukaja mwaka ambao uwele ulichipua, ukafika magotini, ukakauka umesimama. Baba, mtu mpole wa maneno machache, aliuza mbuzi mmoja mmoja. Kuku tukawala. Asubuhi moja alimwomba mama aliache konzi la siku hiyo, mtoto ashibe. Mama alilitia kibuyuni huku machozi yakimtoka.

"Nikimnyima mwaka wa njaa, Baba Penina, mwaka wa mvua nitamwita kwa uso gani?"

Nilichungulia kibuyu kile. Nafaka haikufika hata nusu. Nikaona wazi kwa nini mvua hainyeshi: Mungu alikuwa na njaa kama sisi.

Juu ya jiko kilining'inia kibuyu kingine, cheusi kwa moshi. Humo zilikaa mbegu za uwele za baba, zimechanganywa na majivu zisiliwe na wadudu. Hicho hakikuguswa hata tulipolala tumekunywa maji ya moto tu. Jumamosi, wazazi walipokwenda kuchimba mizizi, nilipanda juu ya kinu, nikakishusha, nikapepeta mbegu zote na kuzimimina katika kibuyu cha Mungu. Majivu nikayarudisha. Kesho yake mama aliponyanyua kibuyu aende kanisani, alishtuka kwa uzito. Akakikumbatia. "Baba, umezidisha," alimnong'oneza Mungu, na uso wake ukang'aa hivi kwamba ningekatwa ulimi nisingesema.

Wiki ile ile mvua ikanyesha. Nilicheza uchi uani, nikijua ni kazi yangu. Baba alilitoa jembe, akashusha kibuyu cheusi, akakiinamisha kiganjani. Yakamwagika majivu.

Alimtazama mama. Mama akanitazama mimi. Sijui alisoma nini usoni pangu. Najua tu kwamba aligeuka taratibu.

"Nilimpa Mungu," alisema.

Baba alikung'uta majivu kiganjani. "Basi na alime yeye."

Alizunguka nyumba kwa nyumba siku tatu akiomba mbegu. Hapakuwa na mtu aliyebakiwa nazo, na zetu wazee walikuwa wamekwisha kuzila.

Wakati huo nilidhani mama ameniokoa na fimbo. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa alichokilipa. Mwanamke aliyemwomba kuku radhi alidanganya mbele za Mungu wake kwa ajili yangu, na tangu siku ile jiwe lilisaga peke yake. Konzi aliliweka, analiweka mpaka leo, bila neno. Siku hizi nikibisha hodi mahali popote anapodhaniwa kukaa Mungu, siitikiwi.

Siku ya nne baba alivaa koti lake akasema anakwenda mjini kutafuta vibarua. Nje mvua ilikuwa inanyesha juu ya shamba tupu. Hakugomba. Aliweka kiganja chake kichwani pangu, akatoka, akauvuta mlango taratibu mpaka ukafungika, kama alivyozoea, ili kuku wasiingie ndani. Kuku tulikuwa tumekwisha kuwala.