Ngozi Iliyooga

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ngozi nzima ya ng'ombe, kisu na karipio. Ilikuwa Kitale, miaka ya themanini ikianza, katika duka la Singasinga mmoja mzee aliyeshona hatamu, mikanda na kola za mbwa. Nilikuwa nimetoka Mabanga nikijua kushika jembe tu, na nilidhani ngozi ni ngozi. Nilikata kwa kukisia, nikaupasua mgongo, sehemu nene ambayo fundi mwenye akili huilinda kuliko zote. Mwenye duka akanitazama juu ya miwani yake.

"Huyu ng'ombe nakufa mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza kwa bucha, mara ya pili kwa wewe."

Alinifundisha kwa miaka saba, na sikumbuki akinisifu hata siku moja. Nilijifunza kukwangua, yaani kuondoa nyama na mafuta yaliyobaki upande wa ndani. Nilijifunza kuwamba, yaani kuivuta ngozi kwenye fremu ya mbao ikauke bila mikunjo. Leo vijana wanaifunga ngozi kwa misumari ukutani, juani, kisha wanashangaa kwa nini inapasuka. Nikiwaambia wananiita mzee wa zamani. Sawa, niiteni, lakini ngozi yangu haikupasuka.

Kazi iliyonipa jina haikuwa hatamu bali gogo la mbwa. Mashamba ya kuelekea mji wa Kwanza yalikuwa na mbwa wakali waliofungwa mchana kutwa, na mbwa aliyefungwa hutafuna chochote kilicho karibu. Walitafuna hatamu zetu, walitafuna kola, mmoja alitafuna kiti cha trekta. Wenye mashamba wakaja kulalamika kwamba bidhaa zetu ni dhaifu. Mzee akasema mbwa hana kosa, mpeni kazi. Basi tukaanza kusokota vipande vya ngozi mbichi, ile isiyotiwa dawa yoyote, vikawa kama vijigogo vidogo vya kuni. Wateja wakaviita magogo.

Nawaandikia haya ninyi mnaofuga mbwa leo, kwa sababu mnaniudhi. Mnanunua kitu cha rangi ya waridi kwenye karatasi inayong'aa, mnamtupia mbwa, mnaenda zenu. Sisi tulichagua. Gogo lilipaswa kuwa refu kuliko mdomo wa mbwa, na nene kiasi kwamba hawezi kulimeza. Ukibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, alama ibaki. Isipobaki, hilo litamvunja jino. Lilikaushwa kivulini polepole, maana la juani hukauka nje na kuoza ndani. Gogo lililosokotwa vizuri lilimchukua mbwa mkubwa wiki nzima, na likibaki kipande cha kumezeka tulimwambia mwenye mbwa alichukue, kwa kuwa ngozi huvimba tumboni. Na mifupa ya sufuria au ya choma, hasa ya kuku, tulimkataza kabisa. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, vikachana utumbo.

Kabla ya kusokota, ngozi ililowekwa siku tatu katika maji safi yaliyobadilishwa asubuhi na jioni. Mzee hakusema imelowekwa wala imeoshwa. Alisema imeoga. "Hii naoga?" angeuliza, akigusa ngozi. Ukijibu imeoga, alijua ni safi, mbwa anaweza kula. Kwa miaka saba nililitumia neno hilo bila kulifikiria, na sasa kila nikilisikia nakasirika.

Mzee alipochoka, wanawe waliuza duka kwa kampuni ya ngozi iliyokuwa na ghala Bungoma, nami nikahamishiwa huko pamoja na cherehani. Miaka ya tisini ilikuwa imeanza. Ghala lilinunua ngozi kutoka machinjio yote ya karibu na kuzirundika zikingoja lori. Mkubwa wetu alikuwa Meneja, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, ambaye sikuwahi kumwona akigusa ngozi kwa mkono mtupu. Siku ya kwanza aliniambia, "Fundi, hapa hatutaki maringo ya Kitale. Toa mzigo." Chini yake alikuwepo mtunza ghala, mtu mpole aliyejua kila rundo lilipo.

Sifa ya magogo yangu ilinifuata hadi Bungoma. Mteja wa kwanza alikuwa Mama Nasimiyu, mjane aliyekuwa na boma nyuma ya ghala na mbwa wa kahawia aitwaye Waziri. Yule mbwa alikuwa mlinzi wake, king'ora chake na, nadhani, mtu wake wa kuzungumza naye. Aliniomba gogo la kumtuliza asichimbe chini ya ua.

Nikaenda ghalani. Nikaona vipande vizuri vya mgongo, vikavu, bila harufu. Nikamuuliza mtunza ghala, "Hizi zimeoga?"

"Zimeoga, Fundi," akajibu. "Tangu juzi. Ati sasa unaurizia nini?"

Nikazichukua, nikazilainisha kwa maji kidogo, nikasokota gogo zuri kuliko yote niliyowahi kusokota. Nilijisifu moyoni, mjinga mimi.

Kwa watu wa ghala lile, ngozi kuoga ilikuwa kama ng'ombe kuoga: kuingizwa kwenye josho. Walikuwa na pipa la sumu ya kuua wadudu wanaokula ngozi, na kila ngozi iliyongoja lori ilizamishwa humo. Ngozi hizo zilikwenda viwandani, kwa hiyo haikuwa kosa lao. Mtunza ghala alinijibu ukweli kwa lugha yake, nami nikausikia kwa lugha ya Kitale.

Waziri alianza kutapika jioni ile ile niliyompelekea gogo. Kesho yake miguu ya nyuma ilikataa kubeba mwili. Mama Nasimiyu alikuja mbio, kanga imefungwa ovyo, akanishika mkono. "Fundi, wewe si unajua mambo ya mbwa? Kuja uone." Nilipofika Waziri alikuwa amekwisha kufa, na nusu ya gogo langu ilikuwa kando yake. Niliiokota, nikainusa, sikusikia kitu. Nikarudi ghalani, nikamuuliza mtunza ghala lile swali ambalo nilipaswa kuliuliza mwanzo: zimeoga kwenye nini? Akanionyesha pipa.

Nilikimbilia kwa Meneja. Nikamweleza yote, nikamwambia lazima tumwambie yule mama na tuweke alama kwenye kila ngozi iliyopita pipani. Hakuinua hata kichwa.

"Ni mbwa tu, Fundi."

"Ni mbwa wake, bwana. Na tumemuua sisi."

"Wewe ndiye umemuua. Ukifungua mdomo, kazi huna, na mimi nitasema uliiba ngozi. Umeelewa?"

Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo sijalisahau. Alitoka mwenyewe na tai yake, akaenda hadi kwenye ua wa Mama Nasimiyu, akampa pole kwa sauti ya mchungaji, akasema, "Mama, hii ni sumu ya panya. Uliza majirani ni nani ameweka sumu." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mama Nasimiyu akanitazama, akingoja fundi wa mambo ya mbwa aseme kitu. Nilitazama viatu vyangu.

Jirani aliyekuwa ameweka sumu ya panya wiki ile alikuwa Wafula, kwa ajili ya mahindi yake. Walikuwa wamesaidiana miaka mingi, yeye na mkewe na yule mjane. Kulikuwa na njia katikati ya maboma yao, hata hakuna aliyeona haja ya lango. Mama Nasimiyu alimwita muuaji mbele ya watu. Wafula akaapa, akalia, hakuaminiwa. Mwezi ule ule njia ikazibwa kwa ua wa miiba.

Niliyazika yale mabaki ya ngozi, nikaacha kusokota magogo. Niliweka alama mwenyewe, tundu mbili shingoni mwa kila ngozi iliyopita pipani, na Meneja akaripoti makao makuu kwamba ni wazo lake. Akapandishwa cheo, akahamishwa, akaagwa kwa keki. Mimi nilibaki kushona mikanda hadi nilipostaafu, na kila asubuhi nikipita kuingia kazini Mama Nasimiyu aliniamkia juu ya ua, nami nikaitikia.

Nimemchukia Meneja kwa moyo wote. Chuki hiyo ilinifaa, maana ilinipa mtu wa kumtazama badala ya kujitazama. Lakini yeye aliondoka baada ya miaka miwili tu. Baada ya hapo hakuna aliyenishika mdomo.

Wiki niliyostaafu, Wafula alikuwa amekwisha kuzikwa. Nilienda kwa Mama Nasimiyu, akanipikia chai, nami nikamweleza neno kwa neno: gogo, pipa, swali langu, jibu la mtunza ghala, na Meneja pale uani.

"Urijua siku ire ire?" akauliza.

"Siku ile ile, Mama."

"Na asubuhi zote hizo nirikuwa nakusarimia."

Alisimama, akaingia jikoni, akatoka na panga. Alipita mbele yangu, akaenda moja kwa moja kwenye ule ua wa miiba, akaanza kukata mahali palipokuwa na njia, akimwita mjane wa Wafula kwa sauti. Niliinuka nimsaidie.

"Wewe karia chai yako," akasema, bila kugeuka.