Makoti kumi na manne juu ya elementi

Mkasa huu ulinigharimu ng'ombe wawili, mimi ambaye hapa Stockholm sijawahi kufuga hata kuku. Naona haya kuusimulia, lakini naona haya zaidi unavyosimuliwa kule mtaa wa Fittja na watu ambao hawakuwapo, basi bora mnisikie mwenyewe.

Ilikuwa Januari 2012, na posa ya Furaha, binti wa marehemu kaka yangu niliyemlea mwenyewe, ilikuwa inakuja kwangu Hjulsta Jumamosi mchana. Nilitaka ng'ombe wanane (hulipwa kwa kronor, pesa za huku, jamani, lakini heshima huhesabiwa kwa pembe). Wiki mbili kabla nilikuwa nimenunua gulioni vali janja ya elementi, yaani kile chuma cha joto chini ya dirisha. Muuzaji alitaka mia tatu, nikampa mia na ishirini nikamwachia uchungu wake. Hiyo vali ina kimota ndani na huonja hewa ya chumba: watu wakijaa joto likipanda, inajifunga yenyewe, krr krr, baridi ikiingia inajifungua, na hata inajifunza chumba chako huchukua muda gani kupata moto ili ianze mapema. Furaha akaniambia mimi shangazi yake, "Tantine, joto limo ndani ya kodi. Unamwekea akiba mwenye nyumba." Nikamjibu kwamba bei nzuri haiulizwi inamfaa nani.

Wageni wakaja kumi na wanne, nikawahesabu mlangoni, nikawahesabu tena walipoketi, nikapokea makoti yote. Chumbani kulikuwa na nafasi, lakini mtu asiye na koti mwezi wa kwanza hawezi kusimama akasema "basi tutarudi siku nyingine", kwa hiyo nikayarundika juu ya elementi, nyuma ya kiti changu, ili anayelitaka koti lake anipitie mimi. Vali, ikiwa imezibwa humo ndani ya manyoya, ikaona chumba kimeshaiva, ikajifunga. Mimi niliposikia krr nikafurahi: mashine inafanya kazi.

Walianza na ng'ombe wanne, nikawapandisha mpaka wanane, likabaki neno la mwisho tu, ila mimi (nakubali) nikaanza kumnusa wa tisa. Wakati huo Papa Deo, mshenga wao, Mrundi mwenye sauti ya taratibu, alikuwa ameshaficha vidole ndani ya mikono ya sweta. Nikawaambia wasubiri, vali ina akili, itatuhisi. Nikaleta mablanketi, na mzee wa watu akawa anajadili mahari amejifunga blanketi la mtoto lenye picha za dubu. Mmoja akasema kituo cha basi cha kwao Fittja kina joto kuliko hapa. Mama Eric, mama wa mchumba, akaomba koti lake, nikamwambia chai inakuja.

Furaha ndiye aliyekuwa anaileta hiyo chai. Akamwona mama mkwe wake mtarajiwa anapuliza viganja, akaweka sinia chini, akaingiza mkono chini ya makoti, kisha akamwambia Eric maneno kwa Kiswidi, haraka haraka. Eric akacheka mpaka wazee wakamtaka atafsiri.

"Anasema vali inahisi joto la makoti, haihisi baridi yetu. Na makoti Tantine ameyakalia makusudi, tusiondoke."

Papa Deo akajifunua blanketi polepole, akanigeukia.

"Kumbe sisi ni mateka. Mama Riziki, mateka halipi mahari, mateka hukombolewa."

Akataka ng'ombe wanne wapungue, la sivyo wapewe makoti yao waende. Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote makali, lakini nikamtazama Furaha, na yeye alikuwa anamtazama Mama Eric kama mtu anayeona milango ya treni inafungwa naye yuko bado kwenye ngazi. Nikatoa wawili. Watatu sikutoa, hata wangegandia pale.

Wakakubali sita, wakavaa makoti, wakala wali wakiwa wameyavaa, na kwenye sahani ya pili vali ikafunguka, krr, kana kwamba haikufanya lolote.

Furaha aliolewa Juni. Ananitaka nimwombe Papa Deo radhi. Nitaomba kwa ajili ya baridi, kwa ajili ya makoti sitaomba. Sasa mwezi ujao inakuja posa ya mdogo wake, watu wa Hallonbergen, na nimeapa koti halitagusa elementi tena. Ila kila mgeni hapa huvua viatu mlangoni, basi nishaurini nyinyi mliokwisha kuozesha: viatu vya watu kumi na wanne huwekwa wapi?